Shimo Lisilo na Ukingo

Katika chumba cha kusomea picha za Mirihi, mjini Ahmedabad, kulikuwa na mwiko mmoja: ukimpa mwenzako picha aitazame, usimwambie unachotaka kuona. Jicho likishatiwa tamaa halihukumu tena. Urvi Parmar aliuvunja mwiko huo asubuhi kweupe, tena kwa kugawa pipi za maziwa za kusherehekea.

Alikuwa amepata shimo, duara safi lenye ukingo mweupe. Makovu madogo ya vimondo kwenye sayari ile hupewa majina ya vijiji vya duniani, naye alikwisha kuchagua lake: Vedgam, alikozaliwa mama yake, kijiji kilichofunikwa chote na maji ya bwawa. Mama alikuwa anazeeka. Urvi alilitaka jina lile kuliko alivyowahi kutaka cheo.

Kirit, wa meza ya pili, alitafuna pipi huku akiikodolea macho picha.

"Sema basi, kaka. Umekuwa bubu?"

"Mdomo umejaa utamu wako, dada. Nitasemaje?"

Maneno yakamchoma. Urvi akaivuta picha, akaitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine. Kimondo kikipiga ardhi huinua ukingo na kurusha vifusi pande zote, na ukingo ulioinuka hutia kivuli ndani na nje. Hapa kivuli kilikuwa ndani tu. Weupe ule ulikuwa vumbi. Vifusi havikuwapo hata chembe. Chini palikuwa na uwazi, ardhi ikadidimia, basi. Na lisilo kovu la kimondo halipati jina la kijiji.

Alitamani kujidanganya, walau hadi kesho. Kisha akaandika kwenye ramani: shimo la kudidimia.

Jioni alimwonyesha mama yake picha ile kwenye simu, akamweleza yote.

"Kwa hiyo halikupigwa na kitu?"

"Hapana, Mama. Lilizama tu. Jina hatulipati. Nisamehe."

"We! Nani alikutuma jina? Hebu ikuze hiyo picha."

Mama akavaa miwani, akaweka kidole pembeni mwa shimo, akakisogeza taratibu kuelekea kwenye giza.

"Hapa kisima. Hapa kwetu. Na huyu jirani Jamna mwenye mdomo, hapa."

Urvi akaangua kilio. Mama hakugeuka, alikuwa bado anapita nyumba kwa nyumba.