Asubuhi ya Hamira

Mtu anayevaa sweta mbele ya tanuri la mikate ana lake jambo, na wafanyakazi wote wa ile bekari waliliona jambo hilo kwa miaka miwili bila kuuliza ni lipi. Waliishia kucheka. Mwenye sweta naye alicheka nao, maana afadhali uchekwe huku nawe umo kwenye kicheko.

Walimwita Hamira. Jina hilo alipewa na marehemu baba yake, mwoka mikate, siku alipomkuta bintiye mdogo amesimama juu ya ndoo anakanda unga kwa mikono miwili, akasema huyu si mtoto, huyu ni hamira, alipo yeye lazima kitu kiumuke. Jina likamganda mpaka akaolewa, akazaa, akaanza kuota mvi. Baba alipofariki, bekari ilikwenda kwa kaka yake na meza ya kukandia ikabaki kwake. Ukiniuliza mimi, Hamira ndiye aliyerithi kilicho bora. Kwenye meza ile ndiko alikofundishwa kubonyeza donge kwa kidole: shimo likirudi juu upesi, unga umekandika, likisuasua, rudisha mikono kazini.

Sasa mikono yenyewe ndiyo iliyokuwa inasuasua. Ilianza na baridi, baridi isiyojali tanuri wala jua. Nyumbani alikataza dirisha lisifunguliwe, mumewe akawa analala anachuruzika kama mbeba mizigo. Ukafuata uchovu, ule wa kuamka umechoka kuliko ulivyolala. Sauti ikawa nzito, hata siku moja alimpigia mumewe simu kwa namba ya jirani, mume akaitikia, "Habari za siku nyingi, shemeji." Nyusi zikapukutika kwenye ncha. Uso ukavimba, mwili ukanenepa huku hali kitu, na majirani wakampongeza kwamba ndoa imemkubali. Ndoa yenyewe ilikwishafikia umri wa kupiga kura.

Hayo yote aliyameza. Lililomshinda ni chumvi. Siku moja aliisahau kwenye unga wote, mkate ukatoka mzuri wa sura na usio na ladha yoyote, na kufika mchana duka limejaa watu wanaorudisha mikate iliyoumwa pembeni. Kaka yake hakugomba. Alimvuta kando, wakasimama kwenye magunia ya unga, akasema kwa upole, "Mdogo wangu, nitakuhamishia dukani. Utakaa tu kwenye kiti, utauza."

Wapo watakaosema huko ni kupandishwa cheo. Kwa Hamira kulikuwa ni kumwaga unga kwa heshima. Aliomba apewe muda ajitibu, na kaka akakubali kwa uso wa mtu ambaye maji yamezidi unga na hana unga mwingine wa kuongeza.

Tiba alikwishaitafuta. Muuza dawa alimpa vitamini na pole. Hospitali ya milango ya vioo ilimtajia orodha ya vipimo vya kumfanya mtu auze tanuri, na aliyemtajia hakuinua macho kumtazama. Safari hii mumewe akamwambia aende kile kituo cha afya nyuma ya soko la viatu, kwa Daktari Polepole.

Jina hilo lilitungwa na foleni. Daktari huyo, mama mmoja mwembamba mwenye raba miguuni, alimsikiliza kila mgonjwa mpaka mgonjwa mwenyewe akaishiwa, na foleni ikasimama pale pale. Watu walikuja na vitafunio, na vitambaa vya kufuma, wengine na ugomvi wao wa nyumbani wakaumalizia kwenye benchi. Walinung'unika, na Jumanne iliyofuata wakarudi.

Hamira alipoingia, daktari alimshika mkono kumsalimia, na hakuuachia. Aliugeuzageuza, akaupapasa ngozi, akauliza kama umekuwa wa baridi hivi tangu lini. Akatazama nyusi. Akampa maji kwenye kikombe, akamwambia anywe polepole, macho yake yakiwa shingoni. Hakuna mtu aliyepata kumtazama Hamira anavyomeza maji. Alijisikia haya, halafu, bila kutarajia, akataka kulia.

Kisha daktari akamwambia apige magoti juu ya kiti, miguu ining'inie nyuma, ageuze shingo aone. Akachukua kinyundo cha mpira, akagonga juu ya kisigino. Mguu ukaruka nyuma upesi. Lakini kurudi, ule mguu ulirudi kwa kujivuta, kama umeitwa na haujaamua kuitika. Daktari akagonga tena. Mguu ukajivuta vilevile.

Hamira alipigwa na butwaa. Alikwishaona kitu hicho maelfu ya mara, chini ya kidole chake.

"Daktari," alisema, "huo ni unga ambao haujakandika."

Daktari akacheka, akaomba aelezwe, na Hamira akamweleza habari ya donge na kidole, foleni nje ikingoja. Ndipo naye akaambiwa lake. Kuna tezi shingoni, ndogo, umbo lake kama kipepeo, waliosoma huiita thairoidi. Hiyo ndiyo inayouambia mwili uende kasi gani: moyo, tumbo, ngozi, joto, hata kumbukumbu. Ya Hamira inaelekea imezembea. Kipimo kimoja tu cha damu kingetosha kujua, na kituo kilikuwa nacho.

Jibu lilipotoka lilikuwa hilo hilo. Akapewa vidonge vidogo kuliko punje ya mchele, vya kumeza maisha yake yote, na bei yake kwa siku haikufika ya mkate. Alisimama kwenye ngazi za kituo amevishika kiganjani, kichwa kinamzunguka. Yaani baridi yote ile, na usingizi, na chumvi iliyosahaulika, na ile sauti ya shemeji, vyote vilitoka kwenye kitu kisichojaza kijiko? Alijigusa shingo taratibu, kama mtu anayegusa mtoto wa wenyewe.

Alimeza kidonge kila asubuhi, tumbo tupu, kwa maji, kama alivyoagizwa. Wiki zikapita. Sweta halikuvuliwa. Alipopimwa tena, tezi ilikuwa imelala kama mwanzo, na jioni ya siku hiyo hiyo kaka yake akamwambia amepata mkandaji, kijeba mmoja, mfupi wa kimo na mpana wa mabega, wa bekari ya ng'ambo ya mto, ambaye angekuja akimaliza miezi miwili anayodaiwa na tajiri wake wa zamani. Hamira akaitikia, akaenda nyuma ya magunia, akalia bila sauti. Kilichomuumiza hasa ni kwamba alikwishaanza kuamini.

Jumanne alirudi kituoni amekata tamaa. Angeweza kuongezewa dawa aende zake. Wengi wangefanya hivyo, foleni ni foleni. Daktari Polepole alilitazama jibu la damu, akaliweka chini, akavuta kiti chake karibu.

"Mama, kidonge unakimeza saa ngapi?"

"Asubuhi, daktari. Sijaruka hata siku moja."

"Asubuhi yako wewe ni ipi? Nieleze tangu unapofungua macho."

Hamira akaeleza. Macho yake hufunguka saa nane usiku, kwa sababu mji unataka mkate wa moto kukicha. Anakanda, anakata, anapanga, anaoka. Jua likichomoza na mikate ikishatoka, ndiyo asubuhi hiyo. Hapo ndipo anapokaa na kumeza kidonge.

"Na kabla ya hapo hujala?"

"Sijala kitu." Alisema kweli tupu, angeweza kuapa.

Daktari akamtazama zile kucha zenye unga ambao hauishi hata ukizisugua vipi. Halafu akasema, "Basi usiniambie umekula nini. Niambie umeonja nini."

Loo. Kuonja? Mwoka mikate yeyote atakwambia kwamba kuonja si kula. Kula ni kukaa chini. Hamira alionja donge kwa ajili ya chumvi, hasa tangu ile siku ya aibu. Alionja pembe ya mkate wa kwanza, na wa pili kuhakikisha, akateremshia na chai ya maziwa aliyosimama nayo mlangoni ili asisinzie. Alivyokuwa anavitaja kimoja kimoja ndivyo sauti ilivyozidi kupungua, mpaka akajifunika mdomo kwa kiganja. Alikuwa akikitupa kidonge chake juu ya kifungua kinywa cha mtu mzima, kila siku ya Mungu, na kujisifu kwa tumbo tupu.

Walicheka wote wawili mpaka nje watu wakagonga mlango. Daktari hakumwongezea dawa. Alimwambia chakula na maziwa hukizuia kidonge kisifanye kazi; asubuhi yake ni saa nane usiku, basi kidonge kiwe cha saa nane, kwa maji matupu, na huko kuonja kungoje mpaka mkate uive. Chumvi ya mwanzo aonje mwingine.

Aliyeonja ni kaka yake, kwa manung'uniko.

Mkandaji mpya alipofika, kaka alimpokea mlangoni akiwa ameshayapanga maneno laini ya kumtoa mdogo wake mezani. Waliingia pamoja. Sweta lilikuwa limetundikwa kwenye msumari, na vumbi la unga limetanda mabegani pake, ishara kwamba halijavaliwa siku nyingi. Hamira alikuwa mezani, mikono wazi mpaka begani, analigeuza donge kubwa na kulipiga chini mpaka meza inaguna. Kaka akasogea, akalibonyeza kwa kidole. Shimo likarudi juu kabla hajautoa mkono vizuri. Akabonyeza upande wa pili, pengine wa kwanza umemdanganya. Ukarudi vilevile.

Akamgeukia yule kijeba, akakohoa. "Wewe utakaa dukani," akasema. "Kuna kiti."

Hamira hakuwasikia. Alikuwa anatazama meza, mahali ambapo tone la maji lilikuwa limeangukia unga. Aliinua kichwa kuangalia kama paa linavuja. Paa lilikuwa kavu. Ndipo alipojigusa paji la uso, akautazama mkono wake, akautazama tena.

"Kaka," alisema, na sauti ilikuwa yake, ile ya zamani. "Natoka jasho."

Kaka akachomoa kitambaa mfukoni ampe ajifute. Hamira akarudi nyuma hatua moja kutoka mezani, akafumba macho.

"Acha," akamwambia. "Liache kwanza litoke."