Munyi Anajibu Komenti

Kananu alichora katuni yake kwenye simu, katika chumba namba saba cha hosteli moja pale Nchiru, na kuiweka mtandaoni kila Alhamisi saa tisa mchana. Ilimhusu kaka yake Munyi, aliyekuwa akifunga miraa mjini Maua huku akiwatania wateja. Wasomaji walikuwa arobaini na mmoja. Mmoja wao, Ngari wa Karurumo, alituma ujumbe mara kumi kwa siku akitaka kujua kwa nini mhusika hajaoa.

Kananu hakumjibu mtu. Kuchora kulimmaliza nguvu, na maneno ya watu asiowajua yalimtisha.

Alhamisi moja ya mwezi wa Mei, Munyi aliingia, akavua viatu mlangoni na kuketi kitandani. Alikuwa amekufa mwaka mmoja na miezi miwili iliyopita. Alivaa koti la kijani alilokuwa nalo siku alipogongwa na gari.

"Watu wanakuongelesha na umenyamaza," alisema. "Hiyo ni tabia gani? Hebu leta simu."

Kananu akampa, akawasha jiko kupika chai. Maji yalipochemka, komenti zote zilikuwa zimejibiwa. Ngari aliambiwa kwamba wasichana wote wa Maua wamekataa, na kama ana dada, amtume.

"Unaongeaje na watu huwajui?"

"Kwani sokoni nilikuwa nawajua? Mtu hataki jibu kubwa, Kananu. Anataka tu kujua umemsikia."

Tangu siku hiyo alikuja kila Alhamisi. Aliacha vumbi jekundu sakafuni, na Kananu alilifagia. Mwenye hosteli aliuliza kama mgeni huyo analala. Alipoambiwa huondoka saa kumi na mbili jioni, akasema basi hakuna shida. Mama yao, alipopigiwa simu, aliuliza kama anakula.

"Hali, mami. Lakini anaonekana mzima."

"Huko Nchiru kuna baridi. Mpatie ile sweta ya baba yenu."

Munyi aliijaribu, akasema inawasha.

Kufikia Septemba wasomaji walikuwa elfu tisa. Walipenda michoro, lakini wengi walikiri kwamba walikuja kwa sababu ya majibu. Munyi alikumbuka nani ana mtihani, nani ameachwa, ng'ombe wa nani amezaa. Wawili walipogombana, aliwatania mpaka wakaombana msamaha. Kananu alianza kulala vizuri.

Oktoba, mtu asiye na picha aliandika: "Huyo kaka yako alikuwa mlevi. Hata polisi waliandika."

Ni kweli waliandika. Ripoti ilisema marehemu alivuka barabara akiwa amelewa. Munyi aliimba besi kwenye kwaya ya kanisa na hakuwahi kuonja pombe.

"Mfungie huyo ukurasa," Kananu alisema.

Munyi hakumfungia. Aliandika: "Sikuwa nimelewa. Nilikuwa kando ya barabara nikinunua ndizi, saa nne asubuhi. Pikapu nyeupe ilikuwa inapita lori, ikanifuata huko kando. Dereva ni Mithika, anayesafirisha miraa yetu. Alishuka akaniangalia. Nilimwita jina. Akaingia ndani akaenda, kwa sababu mzigo ulikuwa umechelewa."

Kananu alisoma mara mbili. Siku ya mazishi, Mithika alikuwa amebeba jeneza la Munyi upande wa mbele.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ulikuwa unachora vichekesho."

Wiki hiyo alichora barabara. Munyi alisimama nyuma yake akimrekebisha: mbonyeo wa pikapu uko mlango wa kulia, ndizi zilikuwa mbivu. "Na usinichore nikilia. Sikulia." Kananu alilia yeye, akifuta kioo cha simu kwa mkono wa blauzi ili aone mstari. Watu elfu sitini walisoma.

Alhamisi iliyofuata walienda pamoja kituo cha polisi. Afisa wa zamu alimtambua Kananu mara moja.

"Mimi nakufuata tangu mwanzo," alisema. "Bibi yangu pia. Ile katuni ya mbuzi ilituua kwa kicheko."

Alimsikiliza Munyi mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akaomba kitambulisho. Munyi alisema kilirudishwa wakati wa kuandikisha kifo.

"Hapo ndipo shida iko," afisa alisema kwa upole. "Marehemu hawezi kuandikisha taarifa. Na wewe, madam, hukuwepo."

"Lakini yeye alikuwepo," Kananu alisema. "Si huyu hapa?"

"Namwona. Simwiti mwongo." Alifunga kitabu, akaomba wapige picha watatu. Picha ilitoka vizuri.

Walirudi Nchiru. Kananu alifungua ukurasa. Kulikuwa na komenti mia nne mpya, na ya juu kabisa iliandikwa kwa jina kamili. "Umenichora pua kubwa sana," Mithika aliandika, na kuweka alama ya kicheko. "Lakini kazi ni safi. Nasoma nikipakia miraa." Chini yake alikuwa ameweka picha ya pikapu, nyeupe, imerudishiwa rangi mlangoni.

"Mfungie," Kananu alisema. "Huyu sasa mfungie, Munyi. Nakuomba."

"Nikimfungia hatasoma."

"Na akisoma, atafanya nini?"

Munyi alichungulia dirishani. Nje wanafunzi walikuwa wakinunua mandazi kioskini.

"Hakuna," alisema.

Akamjibu Mithika kwamba pua itapunguzwa, na aendeshe polepole. Kisha akashuka kwenye komenti ya pili, ya msichana wa Runyenjes aliyetaka kujua Kananu alijifunza wapi kuchora mikono.