Almasi Yenye Pengo na Homa ya Limi

Usiku wa jana niliota nachekecha mchanga machimboni, na mdogo wangu Limi amelala juu ya rundo la kokoto. Homa yake ilikuwa na siku tisa. Alishapimwa mara mbili zahanati, wakasema hawaoni kitu.

Nikageuza chekeche. Katikati ikabaki almasi moja, ndogo kuliko punje ya ulezi.

Mzee Ng'wandu, msimamizi wetu, akachungulia. "Ina pengo ndani hiyo. Tupa."

"Shikamoo, mzee," almasi ikasema.

"Marahaba. Tupa."

"Pengo ndilo sikio langu. Wenzangu wasio na kasoro ni viziwi, kazi yao kuvaliwa vidoleni. Mimi nimulikeni kwa taa ya kijani, nitajibu kwa nyekundu. Chuma nakisikia hata kiwe kidogo vipi."

Nikampa Limi, akaimeza.

Sasa hatuko machimboni tena. Mimi na mzee tumo ndani ya damu ya Limi, inatufika kiunoni, ina joto kama maji ya kumkanda mzazi. Namulika kwa tochi ya kijani. Almasi inawaka nyekundu, inanuna.

"Kuna mtu hapa ana chuma. Kinanipigia kelele."

Mzee anatupa funguo.

"Bado."

Anatupa kisu.

"Bado."

Anavua mkanda. Suruali inashuka.

"We binti, ukicheka huna kazi."

"Sicheki, mzee. Nimeshika tochi."

Nashika. Mkono ukichoka nahamishia wa pili, ukichoka narudisha. Sijui ni siku ngapi. Mzee naye kabana pumzi.

"Nawasikia," almasi inasema polepole. "Ni vidudu vya malaria. Wanakula damu, chuma chake kinachobaki wanakificha uvunguni. Nyumba ya tatu, kushoto."

Ni chembe ya damu, ina mlango. Nabisha. "Hodi!"

"Hatupo," wanajibu ndani.

"Hampo wangapi?"

"Arobaini na mmoja."

Wakatoka mmoja mmoja, kila mtu na kifurushi chake cha chuma kichwani, wamenuna. Nilipiga kigelegele mpaka damu ikatikisika. Mzee Ng'wandu akaipigia almasi saluti, mkono mmoja umeshika suruali.

Nikaamka. Kumekucha. Limi ameketi anakula kiporo cha ugali, paji la uso limepoa kabisa.

Mlangoni kuna mtu anabisha. Ni Mzee Ng'wandu, anatazama chini.

"Nilikuwa napita tu, binti. Huyo mtoto kaamkaje?"

Machimboni sijawahi kumwambia mtu kwamba nina mdogo.