Mlio wa Mashine Ikiamka

Tangu macho yamzimike, Mzee hakuwa ameomba kitu. Akipewa chai anakunywa, akiketishwa mlangoni anaketi. Kwa hiyo siku aliposema ana hamu ya kusikia ule mlio wa mchezo wa watoto, mkewe, mshonaji, aliacha pindo la watu kwenye cherehani akampigia simu kitinda mimba wao aje mbio.

Binti akaja na kompyuta. Humo mlikuwa na programu inayojifanya mashine ya michezo ya zamani. Akatia diski yao ya utotoni, magari yakanguruma.

"Siyo huo," Mzee akasema. "Ule wa kabla yake. Unaanza kama mtu anayevuta pumzi, halafu kengele."

Binti akashika kiuno. "Kumbe! Huo haumo kwenye diski, baba. Diski ina magari tu. Mlio ule ni wa mashine yenyewe ikiamka, umo kwenye chipu yake, ndani ya faili la mfumo. Programu yangu haina faili hilo, inabahatisha tu, ndiyo maana inarukia mchezo."

"Si uliombe huko mtandaoni?" mama akauliza.

"La nini, mama, na la kwetu tunalo? Nipe ile mashine."

Mama akajitia kutafuta uzi. Mashine ilikuwa chini ya mguu wa meza ya cherehani, imefunikwa kitambaa cha maua. "Ilikuwa haiwaki," akasema kwa sauti ndogo. "Na sakafu imeinama."

"Mke wangu!" Mzee akaruka. "Miaka yote hiyo unaishonea mashine ya watoto kichwani!"

Na akacheka. Mama naye akacheka, lakini moyo ulikuwa juu juu: itakuwaje kama mtikisiko wa cherehani umeiua chipu, na mtu ameomba kitu kimoja tu?

Walipofika kwa fundi redio, aliifungua mashine, akapuliza manyoya ya uzi, akatikisa kichwa. Mama akafumba macho.

"Upande wa umeme umekwisha," fundi akasema. "Chipu haijambo."

Akaibandua taratibu, akaisoma kwa kifaa chake, akampa binti faili lake. Mama alimshika fundi mikono yote miwili, akamwombea mpaka fundi akaona haya.

Nyumbani, binti aliliweka faili mahali programu inapolitafuta, akawasha. Kioo kikawa cheusi. Pumzi ikavutwa. Kengele.

Mzee akainua kidevu, akapaza sauti kama zamani alipokuwa akiwasikia watoto kutoka chumba cha pili:

"Mmeshavua sare za shule nyie?"

Binti, mama wa watoto watatu, akajitazama gauni lake. Mama akamjibia:

"Wameshavua, baba watoto."

"Haya. Rudieni."

Wakarudia. Mama alirudi kwenye pindo la watu, meza ikimyumbia huku na huku, akaishukuru kila ilipoyumba.