Dhahabu Shavuni

Warsini alilala chali, uso umebanwa chini ya kinyago cha plastiki, kipimo chenye waya mwembamba kimebandikwa shavuni. Mionzi ikimgusa tu, Retno, mpimaji wa mionzi wa hospitali moja ya mjini Solo, angeiona papo hapo kwenye skrini ya chumba cha pili.

Mashine ikaanza kuvuma. Mara ikanyamaza.

Retno akaingia, akamvua kinyago. "Mama, shavu linapokea mionzi mingi kuliko tuliyopanga. Nimezima. Kuna kitu humo ambacho picha za mwanzo hazikukiona?"

"Kitu gani tena, mwanangu? Meno tu."

"Meno gani hayo, yameota jana?"

Warsini akatazama dari. Ameimba na wapiga gamelan, ngoma na matoazi ya kwao, tangu usichana, na saratani ilipomwota mdomoni hakulilia uhai, alililia sauti. Mfa maji haachi kutapatapa. Baada ya zile picha alikwenda kwa mganga, akapenyezewa susuk, visindano vya dhahabu chini ya ngozi, sauti isimkimbie.

Akasema yote. "Lakini mume wangu ni mwadhini. Akisikia nimekwenda kwa mganga, nimekwisha!"

"Kwangu halitoki. Ila dhahabu inairudisha mionzi kwenye nyama. Ningeendelea, shavu lingeungua. Mficha maradhi, mama, mwisho wake unaujua."

"Na vikitolewa, sauti ikaondoka?"

"Hilo kipimo changu hakilijui."

Warsini akalia weee, kisha akakubali vitolewe.

Kidonda cha kuvitoa kilipopona wakampiga picha upya. Alirudi chini ya kinyago hana hata kisindano kimoja, na siku zote hizo hakuthubutu kujaribu kuimba, hata jikoni. Aliogopa jibu. Mashine ikavuma.

"Inakwenda sawasawa, mama," Retno akasema kwenye kipaza sauti. "Vile vile tulivyopanga."

Pumzi zikamshuka Warsini. Alhamdulillahi, shavu limesalimika.

"Mama! Kipimo kinachezacheza. Unatikisa shavu. Unafanya nini humo?"

Alidhani hafanyi kitu. Kisha akajisikia. Mdomo umefumbwa, na wimbo wa kumpokea bwana harusi unamtoka puani, umepanda hadi pale juu wanaposhindwa wengi, na wala haukwami.

"Nyamaza kwanza nimalize, utaniimbia nje!" Retno alikuwa akicheka.

Warsini akanyamaza, machozi yanamtiririka masikioni. Maisha yake yote hakuna aliyewahi kumnyamazisha akafurahi vile.