Mfalme Anyamaze, Nisome Mwenyewe

Jumamosi, tarehe 8 Februari. Baridi kali hapa Osaka, na theluji nyepesi inayoyeyuka kabla ya kugusa lami.

Niliweka wali wa moto kwenye madhabahu ya nyumbani, mbele ya picha ya marehemu mume wangu, nikagonga kengele, nikafumba macho. Niliomba jambo moja tu: leo nipate ujasiri wa kumwambia Shigeki ukweli.

Kando ya wali lilikuwa boksi la gemu, bado limo kwenye plastiki yake. Nyumbani kwetu kitu kipya hakiguswi mpaka kwanza kikae madhabahuni, wazee waliotangulia wakione. Mwanangu Shigeki alilileta juzi. Gemu yenyewe inaitwa Mnara wa Theluji, ni zile za safari ndefu, ambazo mchezaji anakuwa shujaa na kuzungumza na kila mtu kijijini. Ilitoka mwaka 1987, na sasa imetolewa upya kwa picha mpya.

Ile ya kwanza nayo ilikaa madhabahuni. Shigeki alikuwa na miaka tisa, akirukaruka kwa mguu mmoja, akimuuliza baba yake, "Babu hajamaliza tu kuiangalia?"

Wiki mbili baadaye akashikwa na homa. Alikuwa kwenye godoro, macho mazito, na kwenye runinga shujaa wake amesimama mbele ya mfalme. "Mama, nisomee. Mfalme anasema nini?" Nikazitazama zile herufi. Nilikulia kwenye kambi za machimbo ya makaa ya mawe, nikilea wadogo zangu, na shule niliijua kwa nje tu. Nikasema runinga imeharibika, nikachomoa waya. Hakuwa amehifadhi safari yake. Ikapotea yote. Alilia, na tangu siku ile hakuniomba tena nimsomee kitu.

Sasa nina miaka sabini na moja, na mwaka wa tatu huu nasoma shule ya jioni. Shigeki nilimwambia naenda kujifunza kufuma.

Saa nne akaingia, na nyuma yake Dada Bong-sun akiwa na bakuli la kabichi ya pilipili. Huyu ana miaka themanini na mbili, dawati lake liko kando ya langu. Nilikuwa nimemwomba aje anitie moyo, lakini yeye alianza na boksi.

"Hiki ndicho kilichokuleta kwenye baridi hii? Kijana, kaseti ya zamani si unayo?"

"Ninayo, bibi."

"Na nimesikia ilishatolewa tena mara mbili hapo katikati."

"Nazo ninazo," Shigeki akasema, akikuna kichwa.

"Basi hii ya nne! Ya kale dhahabu, sikatai. Lakini wewe unauziwa dhahabu yako mwenyewe!"

"Bibi, kari ya jana ukiipasha moto leo si inakuwa tamu zaidi?"

"Kari ya jana hailipiwi mara ya pili, mwanangu."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Shigeki akainama mbele ya picha ya baba yake, akalitoa boksi, akaunganisha mashine. "Hii ina kitu ambacho zile nyingine hazina," akasema. "Subiri, mama, utaona."

Muziki ulipoanza, ulikuwa uleule, ila sasa kama umepigwa na watu hamsini. Kile kijiji ambacho zamani kilikuwa vibokisi vinne tu sasa kilikuwa na moshi juu ya mapaa na nyayo kwenye theluji. Hata Dada Bong-sun alisogeza mto wake wa kukalia mbele. Shujaa akapanda ngazi, akasimama mbele ya mfalme. Maneno yakatokea. Nikavuta pumzi, nikafungua mdomo.

Mfalme akaanza kuongea. Kwa sauti nzito, ya kujivuna, akayasema yote kabla sijafika neno la pili.

"Umeona?" Shigeki alikuwa anang'aa. "Wote wanaongea! Mpaka mbuzi! Ndiyo maana nimeinunua. Nilijua utaifurahia, kwa sababu hii huhitaji ku..."

Akakatiza hapo. Masikio yakamwiva kwa aibu.

"Sihitaji kufanya nini?" nikauliza.

Akatazama padi ya kuchezea mikononi mwake. "Kusoma, mama."

"Ulijua?"

"Tangu ile homa. Ulipochomoa waya, mikono ilikuwa inakutetemeka. Nikasema moyoni, sitamwomba tena, asije akatetemeka."

Miaka thelathini na minane nilimficha mtoto, kumbe mtoto ndiye aliyenificha mimi. Niliinamisha kichwa mpaka kwenye mkeka. "Nisamehe, mwanangu. Runinga haikuharibika. Nami sifumi. Nakwenda shule."

"Hilo nalo nilijua. Miaka mitatu ya kufuma, hata soksi moja sijaiona!"

Dada Bong-sun akapiga mkeka kwa kiganja. "Nilimwambia anunue soksi sokoni akudanganye nazo! Hasikii!"

Tulicheka wote watatu, mimi machozi yakinitoka. Kisha nikajifuta, nikakaa wima.

"Huyu mfalme ananyamazishwa wapi?"

Shigeki akatafuta kwenye orodha, akazima sauti za wahusika, akaturudisha mlangoni pa mfalme. Maneno yakatokea, kimya. Nikayafuata kwa kidole hewani.

"Karibu, mtoto wa... wa mbali. Njia yako ni ndefu, lakini..."

Yakatoweka. Shigeki alikuwa ameshabonyeza kitufe cha kuendelea.

"We mtoto!" Dada Bong-sun akamchapa begani. "Mama yako yuko katikati ya mfalme!"

"Mazoea, bibi! Samahani!"

Akarudi mlangoni tena. Nikaanza upya, polepole, mpaka mwisho: "Njia yako ni ndefu, lakini taa ya nyumbani kwako haijazimwa." Ndiyo maneno Shigeki aliyoniomba nimsomee siku ile ya homa. Alikuwa anafuta macho kwa mkono wa sweta, kama mtoto wa miaka tisa.

"Haya," Dada Bong-sun akasema, sauti imelegea, "hii ya nne ilistahili kununuliwa. Lakini huyu na kidole chake simwamini. Aahidi, mbele ya baba yake."

Shigeki akaweka padi chini, akapiga magoti mbele ya picha, akagonga kengele.

"Baba, na wewe bibi, mnanisikia. Kila Jumamosi nitakuja, mpaka tufike kileleni mwa mnara. Na sitabonyeza hata mara moja, mpaka mama aseme amemaliza."