Barua ya Mukubwa wa Ibanda

Waliogawiana mashamba ambayo serikali iliwanyang'anya wageni mwaka wa sabini na nne nawakumbuka bado, mmoja mmoja. Aliyepewa kiwanda cha chai ambako rafiki yangu Philémon alikuwa makanika hakujua hata majani yanakaushwaje. Aliuza mashine, akanunua Mercedes. Philémon, miaka kumi na miwili kazini, akapewa siku kumi ahame nyumba ya kampuni pamoja na mke wake Constance na watoto wanne.

Akaanza kutafuta kazi kama wasomi wetu wote wakati ule, yaani vibaya. Siku sita alikaa kwenye baraza ya mkubwa mmoja wa chama huko Ibanda, mpaka akapata barua ya kumpendekeza. Kisha akaazima abakosti, ile suti ya wakubwa wa chama. Barua ilisema yeye ni mwanamapinduzi mwaminifu. Juu ya mashine, hata neno moja.

Alinipitishia niisome pale Nyawera, nilipokuwa nawapigia watu barua kwa mashine ya kuandikia. Shule niliachia mwaka wa tatu, lakini barua za namna ile nilishapiga mamia, na wenye kuzibeba walikuwa bado wanazunguka mjini bila kazi. Nikamwambia hivyo. Akakasirika, akasema asiye na mkubwa nyuma yake hapati kitu katika Zaïre hii. Constance ndiye aliyemkata kauli.

"Papa, ule mukubwa alishatengeneza hata taa? Vaa salopeti yako ya kazi, wende."

Siku ya tisa kati ya zile kumi nilimsindikiza kwenye kiwanda kingine cha chai, njia ya Mudaka. Barua ilibaki nyumbani. Mkurugenzi alimtazama ile salopeti yenye mafuta, akauliza nani amemtuma.

"Hakuna mutu, patron. Feni yenu ya kukausha chai nimeisikia tangu barabarani. Rulema ya kushoto, ile beringi, imekwisha. Mukiizungusha vile mpaka kesho, itavunja shafti."

Mkurugenzi akamgeukia mkubwa wa karakana, bwana wa abakosti nzuri, aliyekuwa ameingia pale kwa barua ya shemeji. Wiki mbili chai ilikuwa haikauki vizuri, naye akisema kosa ni la kuni mbichi. Sasa akaenda kuleta spana.

Saa sita feni ilizimwa, Philémon akabadilisha rulema. Saa kumi ilikuwa inazunguka kimya, na chai inakauka. Hakuna aliyemwomba Philémon karatasi. Mkurugenzi alimuuliza anaweza kuanza lini.

"Nimeshaanza asubuhi," akajibu, akipangusa mikono. "Munionyeshe nyumba. Bibi yangu anafunga vitu."